Furukawa Matsuri, Hida: ngoma ya usiku wa tarehe 19 Aprili, malazi, msosi na gharama

Kila ikikaribia Machi wabongo wenzangu huku Japani na wengine wanaopanga kuja kutembea wananiuliza swali lile lile, sherehe gani ya kijadi ya majira ya machipuko inafaa kwenda, na wengi wanakuwa washasikia ile ya mji wa Takayama. Takayama ni nzuri sibishi, inafanyika tarehe 14 na 15 Aprili na magari yao ya sherehe, yale majukwaa marefu ya mbao yanayovutwa kwa kamba, ni ya kifahari kweli, ila watu wanajaa mpaka unaangalia migongo ya wenzio tu. Mimi nawaambia subirini siku chache, pandeni treni kutoka hapo hapo Takayama, robo saa hivi, mshuke Hida-Furukawa. Huko kuna Furukawa Matsuri, tarehe 19 na 20 Aprili kila mwaka, iangukie Jumatatu iangukie Jumapili hawahamishi, na kwangu mimi hii ndo sherehe bora niliyoiona tangu nifike nchi hii. Nyota tano ningempa yule anayeipiga ngoma, nyota nne sherehe nzima kama huduma kwa mgeni, na sababu ya hiyo moja iliyopungua ntaieleza.

Furukawa ni mji mdogo wa milimani mkoa wa Gifu, zamani ulikuwa unajitegemea, mwaka 2004 ukaunganishwa na mji na vijiji vya jirani ukawa mji wa Hida, ila wenyewe bado wanajiita watu wa Furukawa. Nyumba za mbao, mtaro wa maji safi wa Setogawa unapita nyuma ya maghala yenye kuta nyeupe na samaki wakubwa wa rangi wanaogelea humo, wanaotolewa kwenye bwawa la majira ya baridi na kurudishwa mtaroni machipuko yakianza. Theluji milimani kule juu bado ipo na huku chini maua ya cheri ndo kwanza yanafunguka wakati Nagoya yalishapukutika siku nyingi. Kwa macho tu hela yako imerudi.

Kufika ni rahisi. Kutoka Nagoya unapanda treni ya haraka inaitwa Hida, hizi mpya za kuanzia 2022 zimetulia sana, unalipa zaidi kidogo ya yen 6,000 kwa mtu mmoja, safari ni masaa mawili na nusu na zaidi kidogo, mto na mabonde njia nzima, kaa dirishani. Angalia vizuri kabla hujakata tiketi maana si kila Hida inafika Furukawa, nyingine zinaishia Takayama, hapo unaunga na treni ya kawaida nauli haifiki yen 300. Wenye JR Pass, ile tiketi ya watalii ya treni za JR, wanapita bila kuongeza kitu.

Tulikuwa kundi la mchanganyiko, mimi, Mbrazili mmoja tunafanya naye kazi, dada mmoja Mfilipino, na dada yetu wa Zanzibar anayesoma Nagoya, na mwenyeji wetu alikuwa mfanyakazi mwenzetu ambaye kwao ni Furukawa. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuwa na mtu wa pale kunabadilisha mambo mengi, mtaona huko mbele.

Sasa ngoma yenyewe. Inaitwa Okoshi Daiko na inatoka usiku wa tarehe 19. Asili yake ni ngoma iliyokuwa inapita mitaani alfajiri kuwaamsha watu waende kwenye ibada ya hekalu lao, Keta Wakamiya, la dini ya Shinto, lipo pale kilimani pembeni ya mji. Miaka ilivyokwenda muda ukasogea ukarudi nyuma mpaka ikawa inaanza usiku wenyewe. Watu wanaanza kukusanyika kiwanjani giza likiingia, wanaume wamevua nguo, kiunoni wamezungushiwa kitambaa cheupe kile cha pamba kirefu kinaitwa sarashi na kaptula nyeupe basi, wakati mimi nina koti, sweta na kofia na bado nasikia baridi. Kuna moto umewashwa, kuna sake, pombe ya mchele, inazunguka, vijana wanapanda juu ya miti mirefu iliyosimamishwa kama nguzo wanajilaza kwa tumbo kwenye ncha kabisa mikono imeachia, chini wenzao wamekumbatia ule mti usianguke. Mmoja akipatia uwanja mzima unapiga kelele. Nilimuona mtu mzima kabisa, wa umri wa babu zetu, anamfundisha kijana namna ya kushusha pumzi kabla ya kujiachia, akamshika tumbo akambonyeza, hapa, hapa, yule dogo akapanda tena na safari hii akakaa.

Halafu kimya. Wimbo wa kale unaimbwa taratibu sana, watu wote wamesimama, na juu ya jukwaa kubwa la mbao ipo ngoma kuu, wanaume wawili wamekaa juu yake wamepanda kama wanavyopanda farasi, wamepeana migongo na wamefungwa pamoja kwa kitambaa kile kile cheupe. Wanainua mikwiro mirefu juu ya kichwa kwa mikono miwili, wanakaa hivyo muda mpaka unaanza kuwaonea huruma mabega, ndo wanashusha. Du. Pigo moja. Unasubiri, unasubiri, du. Kwa sisi tuliozoea ngoma inayokimbia na kukuchezesha nyonga hii inakutaka usimame, yaani nafasi kati ya pigo na pigo ndo inakushika, kifua kinasubiri.

Likishaanza kutembea jukwaa linaongozwa na mamia ya watu wenye fanusi za karatasi za duara, mtaa mzima unakuwa na mwanga wa njano njano. Na hapo ndo fujo inapoanzia. Kila kitongoji kina kingoma chake kidogo kimefungwa katikati ya mti mrefu, vijana wa kitongoji wanajificha kwenye njia panda za uchochoroni wanasubiri ngoma kuu ipite, ikipita wanachomoka na ule mti wanakimbilia nyuma ya jukwaa kujaribu kukisogeza kingoma chao karibu kabisa na ngoma kuu, kuwa wa karibu kuliko wengine ni heshima kwa mtaa mzima, na nyuma ya jukwaa kuna walinzi kazi yao kuwazuia. Wanasukumana kweli. Miti inagongana, watu wanaanguka wanainuka, mvuke unatoka migongoni kwenye ile baridi. Mbrazili wetu amekulia kwenye karnivali na alikuwa ameshika kichwa.

Niseme kitu kuhusu usalama kwa sababu nimeona wageni wakifanya mambo ya kutisha. Barabara za Furukawa ni nyembamba. Wale vijana wakitoka uchochoroni hawatakuona, hawana breki, na mti ule ni mzito. Ukiambiwa na mtu mwenye koti la sherehe rudi nyuma, rudi, usibishane kisa unataka video. Tulimwona mtalii kasimama na kifimbo cha simu katikati kabisa ya njia panda, wazee wawili wakamvuta kwa koti sekunde chache kabla mti haujapita pale aliposimama. Hawakumtukana wala nini, walimpangusa bega wakamwekea mkono pale pa kusimama. Kama una watoto wadogo kaa kwenye barabara kubwa karibu na kiwanja mwanzoni, pale wanapanga watu vizuri, uchochoroni waachie watu wazima.

Ngoma inatoka saa tatu usiku hivi inazunguka mpaka saa sita imepita. Treni za mwisho za kurudi Takayama zinaondoka ngoma bado iko mtaani, kwa hiyo mtu anayelala Takayama anaona mwanzo tu halafu anakimbilia stesheni, na mimi naona mwanzo si chochote ukilinganisha na saa tano usiku wakati kila mtaa umeshapata moto. Lala Furukawa. Shida ni kwamba vyumba ni vichache mno na vinaisha miezi kabla, wengine wanaweka nafasi mwaka mzima mbele.

Na hapo nije kwenye malazi, ambako nyota yangu moja ilipotelea. Tulipofikia, sitataja jina, palikuwa safi, godoro la chini kwenye mikeka, bafu la pamoja la maji moto ambalo baada ya baridi ile ni neema. Ila bei ya siku za sherehe ilikuwa imepanda vibaya, na chakula cha jioni kilikuwa saa kumi na mbili kamili, na tulipoomba waandike kwenye nafasi yetu kwamba mmoja wetu hali nguruwe wala pombe, walijibu sawa kabisa kwa barua pepe, tukafika tukakuta sahani nne sawasawa na supu yenye vipande vya nguruwe. Dada yetu wa Zanzibar akala wali na kachumbari ya figili. Waliomba radhi sana, wakainama, lakini radhi hailiwi jamani, mtu kasafiri masaa matatu. Ukiwa Muislamu usitegemee barua pepe peke yake, andika kwa Kijapani kwenye karatasi, mpe mtu mkononi ukifika, na beba vitu vyako vya kukusogeza.

Kuhusu chakula kwa ujumla nieleze vizuri maana ndo mnachouliza zaidi. Hida inajulikana kwa nyama ya ng'ombe, mishikaki inachomwa mitaani na harufu inakufuata kila kona, nimekula na ni laini mno, mafuta yake yanayeyuka mdomoni, ila haijachinjwa kwa halali kwa hiyo wenye msimamo huo waipite. Kuna mitarashi dango, vidonge vya unga wa mchele kwenye kijiti vimepakwa sosi ya soya vikachomwa, na vya huku Hida vina chumvi, si vitamu kama vya Tokyo au Kyoto. Kuna gohei mochi, wali uliopondwa ukabandikwa kwenye kijiti na sosi nzito ya miso (soya iliyochachushwa) au mbegu, tamu sana, hapo uulize tu kama sosi ina mirin, ule mvinyo mtamu wa kupikia, maana ile ina kilevi. Na kwa vile ni machipuko utapata tempura, mboga za mlimani zilizochovywa kwenye unga zikakaangwa, machipukizi ya porini yenye uchungu kidogo, wale wanaopenda mnavu na mgagani watazielewa haraka sana. Miso iliyochomwa juu ya jani kubwa kavu linaloitwa hoba pia usiikose, ukiwa na wali wa moto huhitaji kingine.

Sake ipo kila mahali, mji una viwanda viwili vya zamani, Watanabe kilichoanza 1870 na Kaba cha 1704, na usiku ule watu watakukaribisha kikombe. Dada yetu alikuwa anaweka mkono kifuani anainama kidogo anasema asante sitakunywa na hakuna aliyemlazimisha hata mmoja, mama mmoja alikimbia ndani akamletea chai.

Sasa jambo lililonifanya niandike yote haya. Furukawa wana desturi inaitwa yobihiki, siku za sherehe nyumba zinafungua milango, wanaandaa chakula, wanaita ndugu, marafiki, majirani, marafiki wa marafiki, na wakati mwingine hata mtu anayepita. Mwenzetu wa kazini alitupeleka kwao mchana wa tarehe 19. Fikiria Idi pili Unguja unavyozunguka nyumba hii na ile, kila unapoingia unawekewa sahani, unakaa kidogo, unaaga, unahamia nyingine, basi ndo hivyo hivyo. Bibi wa nyumba alikuwa amepiga magoti mlangoni anapokea watu, tukavua viatu, tukakaa chini, na walikuwa wameshaambiwa kuhusu dada yetu kwa hiyo kulikuwa na sahani yake pembeni, samaki, mayai, mboga za mlimani, vyote havijaguswa na kitu. Hoteli inayolipwa ilishindwa, bibi ambaye hajawahi kumuona Muislamu maishani mwake aliweza. Alitaka kujua Zanzibar ni wapi, akaletewa ramani kwenye simu ya mjukuu, akaangalia muda mrefu, akauliza kuna theluji?

Pale ndani ndo nilielewa kwa nini hakuna tangazo kubwa la Kiingereza nje wala majukwaa ya kukalia ya kulipia kila kona. Watu hawa wanafanya sherehe yao, kwa ajili ya hekalu lao na mitaa yao. Mwaka 1980 serikali iliiweka kwenye orodha ya urithi muhimu wa mila wa taifa, 2016 UNESCO wakaiorodhesha pamoja na sherehe nyingine za magari, jumla 33 Japani nzima, lakini hata kesho UNESCO wakiondoka ngoma itapigwa tarehe 19. Kijana wa nyumba ile anafanya kazi mbali kabisa na kwao, anachukua likizo kila Aprili ili arudi kubeba mti wa mtaa wao, harusi za ndugu aliwahi kukosa, hii hajawahi. Mgeni unapewa nafasi ya kusimama na kuangalia kitu cha watu, na wanakuwa wakarimu kweli ukija kwa adabu. Anayetaka ratiba ya kila dakika na mtu wa kumtafsiria atachoka. Vibao vya Kiingereza vipo vichache, watoa maelezo wapo stesheni na wanajitahidi, ila usiku mitaani ni wewe na masikio yako, ifuate sauti.

Siku ya pili, tarehe 20, ni ya utulivu. Magari ya sherehe, yatai wanayaita, yapo tisa, yanavutwa kwa kamba na kupangwa mtaani, marefu ya ghorofa, michongo ya dhahabu na laki (ile rangi ng'avu ya utomvu wa mti), pazia za kufuma. Mengine yana vikaragosi vya mbao vinavyoendeshwa kwa nyuzi kutoka ndani, kamoja kanasogea kwenye mti mrefu, kanageuka, na watoto wanashangilia. Gari lingine watoto wa mtaa wenyewe wanaigiza juu yake kwa mavazi ya zamani, wamepakwa uso mweupe, na mama zao chini wanatamka maneno nao kimya kimya. Kuna msafara wa kijumba kitakatifu kinachobebwa mabegani, wachezaji wa ngoma ya simba, wanaume wenye kofia na mavazi ya enzi za masamurai wanapita taratibu mbele ya duka la simu. Mvua ikinyesha magari hayatoki kabisa, laki na michongo ile ni mali ya karne na wana haki, kwa hiyo angalia hali ya hewa usije ukanuna.

Uzuri wa ufundi wenyewe una historia. Enzi za kale, sheria za karne ya 8, Hida, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wake yenyewe, ulikuwa mkoa maskini wa mpunga, ukasamehewa kodi ya kitambaa na badala yake kila nyumba 50 zilitoa mafundi seremala 10 waende kujenga mahekalu na majumba ya mji mkuu. Ndo maana mpaka leo ukiinua macho kwenye nyumba za Furukawa utaona chini ya paa kuna michongo imepakwa nyeupe, kila fundi na mtindo wake, ni sahihi yake ile. Mwenyeji wetu alitutembeza akituonyesha hii ya babu fulani, hii ya mwanafunzi wake.

Ukikosa tarehe zenyewe kuna jumba la makumbusho la sherehe katikati ya mji, kiingilio chini ya yen 1,000, ndani kuna magari halisi, filamu ya usiku wa ngoma, na vikaragosi unaonyeshwa vinavyofanya kazi. Ni zuri kwa kuelewa, na ningeshauri uingie mchana wa 19 kabla ya ngoma, usiku utajua unaangalia nini. Jirani hapo kuna duka la Mishima la mishumaa ya mkono, familia moja imeshikilia kazi hiyo zaidi ya miaka 200, utambi wa karatasi na majani, nta ya mimea, fundi anafanya mbele yako. Nilinunua mwekundu na mweupe, bei inaanzia mia kadhaa za yen, ni zawadi inayobebeka.

Mambo madogo ya kujua. Beba pesa taslimu, vibanda vingi havichukui kadi, mashine ya posta inakubali kadi za nje lakini ina saa zake za kufunga. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 kwa hiyo koti la maana, soksi nzito. Vyoo vya umma vipo ila foleni saa mbili usiku ni ndefu, nenda mapema. Ukitaka kumpiga mtu picha wa karibu mwoneshe kamera kwanza, wengi watakubali na wengine watajipanga kabisa, ila wale walio kwenye maombi hekaluni waache.

Gharama yangu kubwa ilikuwa treni na kulala, sherehe yenyewe ni bure. Kwa anayetoka Dar au Nairobi kuja Japani kwa mara ya kwanza na ana wiki mbili, ningempangia Tokyo siku chache, Kyoto siku chache, halafu 18 Aprili awe tayari yupo Hida, alale Furukawa usiku wa 19 hata kama ni godoro la chini la bei mbaya, na tarehe 20 mvua isiponyesha aone magari asubuhi ndo apande treni ya mchana. Ukilazimika kuchagua siku moja tu chukua ya 19. Nafasi za kulala anzeni kutafuta mwaka uliotangulia, na atakayekwama kwenye kuandika ile karatasi ya chakula kwa Kijapani aniambie ntamwandikia.